Safari ya dola 5 hadi Kiambi

Kijana anayeandika kando ya mto Luvua hugombea kazi moja na watu wa Nairobi, Cotonou na Antananarivo. Anaweza kuishi kwa kalamu hiyo? Na aiweke kalamu chini ya jina la nani?

Dola 5 ndiyo bei ya chini kabisa ya kazi ya mkupuo kwenye Upwork, soko la kazi za mtandaoni lililotokana na kuungana kwa kampuni za Elance na oDesk mwaka 2013. Tuseme mteja wa Ulaya anataka maneno 400 kuhusu namna ya kuchagua godoro. Tuseme kazi hiyo imemwangukia kijana wa Kiambi, jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Tuifuate pesa yake.

Kuomba kazi kwenyewe kunalipiwa. Mwombaji hununua pointi, kila pointi senti 15, na ombi moja laweza kumeza pointi nane au zaidi. Hiyo ni dola 1 na senti 20, na hairudi hata ukikosa. Ukikosa mara tatu ukapata ya nne, umekwisha kutumia dola 4 na senti 80.

Kisha soko lenyewe linakata chake. Zamani lilichukua asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja. Mwaka 2023 likashusha hadi asilimia 10 kwa wote, na mwaka 2025 likaanza kupandisha na kushusha kati ya 0 na 15 kulingana na kazi. Tukate 10, yaani senti 50.

Kijana wetu ameandika maneno 400 kuhusu godoro, na anadaiwa senti 30. Hapo hajanunua mega za kutumia mtandaoni, na hiyo pesa bado haijatoka huko ilipo.

Mhariri aliponikabidhi kazi hii aliniuliza swali jepesi: mtu wa Kiambi anaweza kula kwa kuandika mtandaoni? Nilianza na kikokotoo kabla ya daftari, na nusura nimrudishie jibu siku hiyohiyo. Lakini hesabu ya godoro ni hesabu ya kazi moja tu, tena ile mbaya kuliko zote.

Umeme ulipita ukaenda zake

Kiambi iko wilaya ya Manono, kwenye mto Luvua, ule unaotoka Ziwa Mweru na kuingia Lualaba huko Ankoro. Makao makuu ya jimbo ni Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jimbo lenyewe ni changa: lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Lina zoni 11 za afya, na Kiambi ni mojawapo. Ndiyo maana jina la mji huu hujitokeza zaidi kwenye taarifa za mashirika ya misaada, katika safu za wagonjwa na waliohama, hasa baada ya mapigano ya Wabatwa na Waluba yaliyolivuruga jimbo hili miaka kumi iliyopita. Wanaoziandika taarifa hizo aghalabu wako Kalemie, Kinshasa au Geneva.

Mto wenyewe una nguvu. Miaka ya 1930 kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilijenga juu ya Luvua bwawa la umeme la Piana-Mwanga, ili kuendesha migodi yake ya bati ya Manono. Umeme ukazalishwa mtoni, ukavutwa kwa nyaya hadi mgodini. Baadaye vita na uchakavu vikazinyamazisha turbini. Mwaka 2018 Manono mjini ilipata mtambo wa sola wa megawati 1. Vijijini simu huchajiwa kwa kijipaneli cha jirani, unalipa ndipo unachomeka.

Mtandao nao una historia yake. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kinshasa ilizima intaneti nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu nao ukafuata. Ilirudi baada ya siku zipatazo 20, wakati Mahakama ya Katiba ikimthibitisha Félix Tshisekedi kuwa rais. Mwandishi aliyemwahidi mteja wa nje kazi ya Jumatano hakuwa hata na njia ya kumwambia kwa nini amechelewa. Mteja wa Toronto hafuatilii uchaguzi wa Kongo. Anachoona ni mtu aliyetoweka, anampa nyota moja na kuhamia kwa mwingine.

Mwaka 2020 ikaja tozo ya usajili wa simu iliyojulikana kwa kifupi cha RAM: dola 7 kwa mwaka kwa simu za kizazi cha tatu na cha nne, zikimegwa kidogokidogo kutoka kwenye salio la mtumiaji. Wananchi walipiga kelele hadi ikafutwa mwaka 2022. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo iliipa Starlink, intaneti ya setilaiti, leseni, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Kwa mji ulio mbali na nyaya hiyo ni habari kubwa, ingawa sahani moja hununuliwa kwa fedha ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaikusanya miezi mingi. Itakuwa ya kuchangiwa, kama mashine ya kusaga.

*Mteja wa Toronto hafuatilii uchaguzi wa Kongo. Anachoona ni mtu aliyetoweka.*

Jina la kukodi

Anayetaka kujua kazi hii inaelekea wapi atazame Kenya, kwa sababu Kenya ilitangulia.

Kwa zaidi ya miaka kumi maelfu ya vijana wa Kenya waliomaliza chuo na kukosa ajira wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha, tasnifu, hata majibu ya mitihani. Hulipwa kwa ukurasa, na ukurasa katika biashara hii ni maneno 275. Usiku ndio mchana wao, maana saa za mwisho za kuwasilisha hufuata jua la Marekani. Gazeti la New York Times liliwaandika mwaka 2019. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta watu hao Nairobi.

Nguzo ya biashara nzima ni akaunti. Akaunti mpya haina nyota, isiyo na nyota haipati kazi, na isiyopata kazi haitapata nyota. Kwa hiyo akaunti kongwe huuzwa na kukodishwa kama kioski cha stendi. Mwenye akaunti anapokea kazi, anaigawa kwa vijana watano au kumi, anawalipa sehemu ya bei na kubaki na iliyobaki. Anayeandika hamjui mteja, na mteja hamjui anayeandika. Juu ya karatasi kuna jina la tatu, la mwanafunzi, na yeye ndiye atakayevaa joho.

Najua watakaoniambia kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Hoja yao ina uzito. Pesa hizo zililipa kodi za nyumba, zikasomesha wadogo, wengine wakanunua viwanja. Mwandishi hakumlazimisha mtu kudanganya chuo chake. Na kuna jambo jingine husemwa kwa sauti ya chini: mwenye shahada ya Nairobi akiomba kazi halali ya kuandika kwa jina lake la Kikamba au la Kiluo, mara nyingi hajibiwi, ilhali insha yake ikipita kwa jina la kijana wa Ohio inapata alama ya juu kabisa. Kwa nini basi asiikodishe akili, ikiwa jina halikubaliki?

Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima. Hukumu ya maadili nawaachia wengine. Kilichonitia wasiwasi ni yaliyofuata.

Australia ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wauzaji wa kazi hizi mwaka 2020, na Uingereza ikaipiga marufuku biashara hiyo katika vyuo vya England mwaka 2022. Novemba 30 ya mwaka huohuo ikaja ChatGPT. Insha ya kurasa tano ambayo kijana wa Nairobi alikesha nayo, mashine ikaitoa kabla chai haijapoa. Bei zikashuka, kazi zikapungua. Ndipo watu walioandika maelfu ya kurasa wakatafuta sampuli ya kumwonyesha mwajiri mpya, wasiwe nayo hata moja. Kila walichoandika kina jina la mwingine.

Wengine walihamia kazi za kufundisha akili bandia. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliifungia Kenya milango, na watu wakaamka wakakuta hawawezi kuingia. Yale ya Kongo ya Desemba 2018 yalifanywa na serikali. Haya yalifanywa na kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, ambayo hata kuipigia kura huwezi.

Waliotanguliza jina

Kuna njia nyingine, na Waswahili waliianza mapema. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania mwanahabari na mwanasheria, alianza kuandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, wakati wengi wakiamini intaneti ni ya Kiingereza. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, akaanzisha yake. Michuzi hakuuza maneno kwa ukurasa. Aliweka picha za harusi, misiba, ziara na mechi, na Watanzania walioko London na Houston wakawa wanafungua kila asubuhi kutazama nyumbani kunaendaje. Wasomaji walitangulia, matangazo yakafuata.

Njia hii nayo ina vizuizi vyake. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kukata leseni. Ada zote pamoja zilipita shilingi milioni 2, karibu dola 900 za wakati ule, na adhabu ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilijifungia kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikazima taa. Masharti yamerekebishwa tangu hapo, lakini baadhi ya walioacha hawakurudi.

Kongo nako walikuwepo. Redio ya Ufaransa ya RFI ilianzisha Mondoblog mwaka 2010, ikiwafunza wanablogu wa nchi zinazosema Kifaransa, Wakongo wakiwemo. Mwaka 2016 ukazaliwa mtandao wa Habari RDC, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la RNW Media, uliokusanya vijana wa miji mbalimbali. Angalia jina: kurasa zilikuwa za Kifaransa, lakini mlangoni wakaandika neno la Kiswahili.

Mafunzo si mshahara, hata hivyo. Na fedha ya mfadhili ina miguu. Machi 2025 serikali ya Marekani ilipoisimamisha Sauti ya Amerika, waripoti wa kujitegemea wa idhaa yake ya Kiswahili, wakiwemo wa mashariki mwa Kongo, walipoteza malipo bila kufanya kosa lolote.

Anayeandika kwa jina lake Kongo hubeba pia uzito wa sheria. Sheria ya Dijitali (Code du numérique) na sheria mpya ya uhuru wa habari, zote za Machi 13, 2023, zimeingiza maandishi ya mtandaoni katika kanuni na adhabu zake. Septemba mwaka huo Stanis Bujakera, mwandishi wa jarida la Jeune Afrique na naibu mkurugenzi wa tovuti ya Actualite.cd, alikamatwa Kinshasa kwa makala ambayo hata jina lake halikuwa juu yake. Alikaa rumande hadi Machi 2024. Kwa hiyo simlaumu anayejificha. Mwandishi wa mji mdogo, ambako mkuu wa polisi anamjua hadi nyumba, ana sababu zaidi za kuogopa kuliko wa Kinshasa.

Upande wa pili kuna bahasha. Wakongo huiita coupage, nasi tunaijua kwa jina letu: posho ambayo mwenye shughuli humpa mwandishi ili habari itoke, na itoke vizuri. Kwa wengi ndiyo kipato chenyewe, kwani vituo vingi vya redio vya mikoani hulipa kiduchu au havilipi kabisa. Ukihamia mtandaoni kwa jina lako, bahasha inakufuata huko. Msomaji anaifahamu haraka kuliko unavyodhani.

Mzigo ambao Antananarivo haina

Kijana wa Kiambi amesomeshwa kwa Kifaransa. Atajiambia aache masoko ya Kiingereza, aandikie tovuti za Ufaransa. Huko atawakuta watu wa Benin na Madagaska, ambao kwa miaka wamefanya biashara ya kuandikia kampuni za Paris, na bei zao ziko chini. Makala ya godoro kwa Kifaransa haina tofauti na ya Kiingereza. Yeyote anaweza kuiandika, na mashine pia.

Lakini kijana huyu ana mzigo wake mwenyewe, na wa kwanza ni Kiswahili chake. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, shirika la watafsiri ambalo leo linaitwa CLEAR Global lilichunguza jinsi watu walivyopokea mabango na vipeperushi. Likakuta Kifaransa kinawapita wengi, na Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam nacho kinawababaisha. Walitaka Kiswahili wanachosema, ambamo pesa ni franga na salio ni inite. Tafsiri ya namna hiyo ina wanunuzi: mashirika ya afya, ya kura, ya wakimbizi, na sasa watengenezaji wa programu za sauti. Mwaka 2021 Mozilla ilipata dola milioni 3.4 kwa mradi wa sauti za Kiswahili, na Kongo ilikuwa ndani ya mipango yake. Mtu wa Cotonou hawezi kuigombea kazi hiyo. Hata mimi wa pwani nisingeiweza vizuri, nikiri.

Wa pili ni mahali anapokaa. Manono, wilaya yake, ina mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Kwa miaka kadhaa kampuni za AVZ ya Australia na Zijin ya China, pamoja na shirika la serikali la Cominière, wamekuwa wakivutana juu yake mahakamani na kwenye meza za usuluhishi. Julai 2025 KoBold Metals ya Marekani nayo ikatia saini makubaliano ya awali na serikali ya Kongo. Magazeti ya fedha ya Perth na London yanaandika neno Manono kila mara. Je, wangapi wameukanyaga udongo wake?

*Makala ya godoro yeyote anaweza kuiandika, na mashine pia.*

Jinsi pesa inavyofika

Tukubali sasa kazi imepatikana, ya dola 100 na si 5. Kenya ina wepesi: tangu 2018 fedha ya PayPal huweza kuingia M-Pesa. Kongo pia ina M-Pesa, iliyoletwa na Vodacom mwaka 2012, pamoja na Airtel Money na Orange Money, na mkoba mmoja hubeba dola na franga kwa pamoja, jambo ambalo hata Mtanzania angelitamani. Tatizo ni daraja kati ya soko la ng'ambo na mkoba huo. Uhamisho wa benki kwa benki kutoka nje waweza kula makumi ya dola. Wengi hupitia kwa ndugu mwenye akaunti Lubumbashi au Kalemie, ambaye huitoa na kuirusha kwa simu, na kila mkono unabaki na kitu.

Kwa sababu hiyo kazi ndogondogo nyingi humtafuna mtu wa mbali kuliko wa mjini. Dola 5 mara ishirini si sawa na dola 100 mara moja, hata kama shule inafundisha hivyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mteja makala kumi mfululizo kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Mwezi ulikwisha, barua pepe yake ikakwisha nayo. Miezi miwili baadaye nikaziona zote kumi zimechapishwa, moja hata ikiwa na kosa langu la tahajia. Tangu hapo nachukua nusu kabla, na mteja mpya simwandikii zaidi ya kazi moja hadi alipe. Mzee mmoja wa chumba cha habari alinicheka: alisema hata muuza samaki wa mwaloni analijua hilo bila kufundishwa.

Wenzangu wanaoishi kwa kazi hii wana tabia moja. Wana ukurasa mmoja wenye jina lao halisi, na ndani yake vipande vitano au sita walivyoandika vizuri mno juu ya jambo moja wanalolijua: kilimo, bima, bandari, mpira wa wanawake. Hawasemi wanaandika kila kitu. Mhariri akitafuta mtu wa bandari, anawapata. Kuweka ukurasa huo hakuhitaji kompyuta. Simu na mega chache zinatosha, usiku mtandao unapokuwa mwepesi.

Kwa mtu wa Kiambi jambo hilo moja liko mtoni. AVZ iliwahi kupanga kulifufua bwawa la Piana-Mwanga ili umeme wake uendeshe mgodi wa lithiamu. Yeyote atakayeshinda mvutano wa Manono atahitaji umeme, na atahitaji kupitisha mashine. Wahariri, wawekezaji, mashirika ya mazingira na wanasheria wa pande zote watataka kujua mambo ambayo hayapo kwenye picha za setilaiti: turbini zimebaki katika hali gani, nani analima ukingoni, waliohama wamerudi au la, na kama barabara ya kutoka Manono hadi Kiambi inapitika mwezi wa Februari mvua zikiwa zimekolea. Hilo la barabara linajibika kwa maneno 400.